Mikono ya Meza ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Ofisi ya kiwanda imenipa madaftari mawili ya jalada gumu. Moja ni la matukio ya zamu. La pili nikauliza ni la nini, karani akasema, "La akiba." Akiba nimeileta nyumbani Kitaji, hapa Musoma, na ndiyo hii naandika. Mwanangu Mary yuko shule ya bweni Bunda mpaka Juni, na kuta za chumba hiki hazijibu mtu.

Habari yenyewe ni hii: tangu leo mimi Dafroza ni Kaimu Msimamizi wa meza ya tatu. Jastin aliyekuwa anatusimamia amehamia Mwanza. Meneja, Bwana Apolinary, aliniita ofisini akaniuliza nimekata samaki miaka mingapi. Kumi na mmoja. Akaniambia nivue kofia nyeupe, akanipa ya kijani.

Niliporudi mezani wenzangu walipiga vigelegele mpaka Burito, mlinzi wa lango, akaja kuchungulia. Ghati, ambaye tumesimama bega kwa bega miaka yote hiyo na ndiye aliyenifundisha kushika kisu, alinipigia saluti. "Mheshimiwa, karibu jimboni." Nilicheka hadi machozi. Masika nayo yameanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kofia inabana.

Alhamisi, 7 Machi

Wiki haijaisha na tayari nina majina tele. Kwenye barua ni Kaimu Msimamizi. Meneja anasema supavaiza. Karani anasema inchaji. Burito, ambaye juzi tu alikuwa anapekua mfuko wangu langoni kutafuta minofu, sasa anasema "mkuu" na mfuko hautazami. Mvuvi aliyeleta sangara asubuhi kaniita tajiri, maana kwao kila anayeshika kalamu ni tajiri. Hasna, binti wa Bunda, mdogo kuliko wote mezani na mwepesi kuliko wote, ananiita madam.

Ghati ananiita bosi. Nasikiliza sauti yake nijue kama ni utani, na siku mbili hizi sijui. Kanizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo namwamkia shikamoo kama kawaida. Leo aliitikia, "Marahaba, bosi." Maneno hayo mawili hayakai pamoja hata uyapange vipi.

Jumamosi, 9 Machi

Saa ya chakula meza yetu hula sinia moja, watu sita. Mmoja anasonga ugali, mmoja analeta dagaa, mwingine mchicha, zamu kwa zamu. Leo nilichelewa kwa sababu ya kujaza fomu. Nilipofika wote walikuwa wamenawa na hakuna aliyegusa. Walikuwa wananingoja nianze mimi. Nikasema, "Jamani, kuleni, mna nini?" Ghati akasema, "Anza, bosi." Nikamega tonge. Hadithi waliyokuwa wanaisimulia nilipokuwa mlangoni haikuendelea, na ilionekana ilikuwa tamu.

Jumatatu, 11 Machi

Kazi ya kwanza ya msimamizi kila asubuhi ni kukagua mikono. Wakataji wanapanga mstari, wananyoosha viganja, unavigeuza, unatazama kucha na majeraha. Mwenye kidonda anapelekwa kufunga maboksi, hagusi samaki mpaka apone. Kisha unatia sahihi kwamba mikono yote ni salama. Jastin alitukagua kila siku, tena kwa utani, na hata siku moja sikuona neno.

Leo Ghati alininyooshea mikono yake. Mwanamke wa miaka hamsini na tano amesimama mbele yangu kama mtoto wa darasa la pili anayekaguliwa kucha. Niliipitia kwa jicho moja, kama mtu aliyepita kwa bahati mbaya mahali watu wanaoga.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ziwa limepanda mpaka kwenye mawe ya uzio.

Leo nimeona jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote, ila nimeliona nikiwa upande wa pili. Kila mkataji ana vibao vyake vya plastiki vyenye namba. Ukijaza kreti ya minofu unatupia kibao chako juu, na jioni kreti zinahesabiwa kwa namba. Kima ni ishirini na tano kwa siku. Ukishuka chini ya hapo siku tatu mfululizo, unaondolewa mezani, na kuondolewa mezani maana yake ni kuondolewa langoni.

Sisi tuna desturi yetu ambayo haiko kwenye fomu yoyote. Tunabebana. Mwenye mimba, mwenye msiba, mwenye homa, tunatupia vibao vyake kwenye kreti zetu mpaka apate nguvu. Mwaka ule Mary alipolazwa nilibebwa wiki tatu nzima, na aliyenibeba zaidi ni Ghati.

Sasa kifundo cha mkono wa Ghati kinakufa ganzi kwa baridi ya barafu. Saa nane mchana nilimwona Hasna akitupia kibao namba kumi na nne, cha Ghati, kwenye kreti aliyoikata yeye. Hasna akaniona nimeona. Mimi nikageuka kutazama saa ya ukutani. Nilidhani nimewafanyia wema. Lakini meza yote ilinyamaza, na nikajua wameanza kuhesabu siku mpaka nitakapowasema kwa Meneja.

Ijumaa, 15 Machi

Nimenunua hotipoti ndogo ya bluu. Nitakuwa nakula nyuma ya stoo ya barafu. Nimewaambia nina fomu nyingi. Hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda Butiama kumwona mama. Anauliza, "Sasa huko kazini wewe ni nani?" Nikamtajia majina yote. Akayasikiliza kama anachagua nyanya, mwisho akasema, "Kumbe umekuwa nyapara."

Marehemu baba alibeba magunia ya pamba Bunda ujana wake. Mama akanisimulia kwamba walikuwa na nyapara mmoja, mtu mpole tu, hakuwahi kumpiga mtu. Alikula peke yake chini ya paa la mizani miaka saba. Alipofariki, vibarua wote walikwenda msibani na wakachimba kaburi zuri. Ilipofika kuandika msalaba, hakuna kati yao aliyejua jina lake. Ikabidi wakamwulize mjane.

"Baba yako aliona aibu mpaka anakufa," mama akasema, kisha akaniongezea maziwa.

Jumatano, 20 Machi

Nilikuwa nafungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, nikasikia mtu ndani anasema, "Nyamazeni, nyapara huyo." Sikujua ni sauti ya nani na sikutaka kujua. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaja tena nikiburuza buti ili wanisikie.

Neno la mama lilitoka Butiama likafika Musoma kabla yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Leo sikukagua mikono. Walipanga mstari, nikawaambia, "Nendeni tu, nawajua." Nikatia sahihi kwa watu wote. Nilitaka waone kwamba mimi bado ni yule yule. Hasna alinitazama kidogo, kisha akaenda. Ghati alibaki amenyoosha mikono yake sekunde mbili tatu, halafu akaishusha.

Jumatatu, 25 Machi

Sijakagua. Nimetia sahihi.

Kwaresima na Ramadhani zimekutana mwaka huu. Mchana Hasna anakaa nyuma ya stoo ya barafu ili asisikie harufu ya chakula, na ndiko nilikojificha na hotipoti yangu. Kula mbele yake naona vibaya, kwa hiyo hotipoti inarudi Kitaji imejaa. Tunakaa kila mmoja juu ya kreti yake, tunatazama mvua. Ananiita madam, namjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu ya siku.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Sijakagua.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimepika wali kikombe kimoja. Miaka mingine Ghati hunijia baada ya misa na tunakula kuku mpaka tunagombania shingo. Nilibandika maji ya chai ya watu wawili, nikasubiri hadi yakakauka.

Jumanne, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi nianze mwanzo.

Saa tano mkaguzi wa ubora alifungua kreti kabla ya kuingizwa kwenye friza, akakuta plasta ndani ya minofu. Si plasta ya bluu ya kiwandani, ambayo hutoka kwenye sanduku langu kwa kusaini. Ni ya dukani, ya rangi ya ngozi, na ina damu. Juu ya kreti kulikuwa na kibao namba kumi na nne.

Shehena nzima ya asubuhi ikatolewa. Meneja akaniita, akamwita na Ghati. Tulisimama mbele ya meza yake, mimi na kofia ya kijani, yeye na nyeupe, maji ya samaki yakitutiririka kwenye vigae vyake.

"Namba hii ni yako?" Meneja akauliza.

"Ni yangu," Ghati akasema.

"Na plasta?"

"Itakuwa ya kwangu. Kulikuwaga na kidonda kidogo, imeshapona."

Akanyoosha mikono. Mikono ya mkataji haikosi makovu, mtu asiyeijua ataona vidonda ishirini. Meneja hakuijua. Mimi naijua. Kidonda kibichi hakikuwepo hata kimoja.

Kreti ilikuwa palepale sakafuni. Niliinama kuitazama. Miaka kumi na mmoja mezani inakufundisha kumtambua mtu kwa kisu chake. Ghati siku hizi anaacha kingazi, alama kama kidato cha ngazi, tumboni mwa mnofu, pale mkono unapokufa ganzi ukasimama na kuanza upya. Minofu hii ilikuwa imenyooka tumbo lote, na mkia wake mwembamba kama penseli. Ni Hasna huyo. Nikamtazama Ghati, na yeye akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Machi kumi na nne. Hakuniomba kitu. Alikuwa ananitazama tu nitasema nini.

Nikikaa kimya, Ghati anafukuzwa kwa plasta isiyo yake. Nikisema ukweli, Hasna anafukuzwa kwa plasta, Ghati anafukuzwa kwa mkono, na desturi ya kubebana inakwisha siku hiyo hiyo kwa meza zote. Sikusema kitu.

Meneja akamruhusu Ghati aende, kisha akanisukumia fomu. "Pendekezo la kumwachisha kazi. Inahitaji sahihi ya msimamizi wake. Nipe Ijumaa." Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, "Najua ni mwenzako. Cheo ndicho hicho, Bi Dafroza. Utazoea."

Fomu iko hapa mezani pembeni ya daftari. Nimeisoma mara nne. Pa kuandika jina langu pameandikwa Msimamizi, na pa jina lake pameandikwa Namba.

Jumatano, 3 Aprili

Baada ya zamu nilikwenda kwa Ghati, mtaa wa Iringo. Ana kiti kimoja kizuri. Alikipangusa kwa kanga yake akanikalisha, yeye akakaa kwenye ndoo. Siku zote tulikuwa tunakaa wote mkekani, hicho kiti ni cha padri na cha mwenye nyumba. Kiti kile kiliniuma kuliko tusi.

Nikamwambia, "Ghati, ile kreti hukuikata wewe."

"Kibao ni cha kwangu, bosi."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Si ndiyo kazi yako?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukangoja ipungue ili tusikilizane. Kisha akasema, polepole, bila hasira:

"Hasna alijikata nyumbani juzi, anakatakata mihogo ya futari. Aliogopa kupelekwa maboksi, huko ni nusu ya mkate. Lakini alijua asubuhi utamkagua, utaiona, na hautamwonea. Jana alikuja kwenye mstari amejiandaa kukwambia. Ukasema tena nendeni tu, nawajua."

"Niliona aibu," nikasema. "Kukukagua wewe, mkubwa wangu."

"Aibu ya nini? Jastin alikuwa anatukaguaga kila siku. Umesikia tunamchukia? Mimi nilikuwa nanyoosha mikono yangu nikisema, Dafroza ataona kifundo hiki kimevimba. Ataniuliza. Hata kama ni bosi, si ananishikaga mkono? Wewe ukageuza uso. Siku ile ya kibao ukageuza uso, kwenye sinia ukahama, mikono ukaacha. Tukasema basi, mwenzetu sasa anatuona uchafu."

Mwezi mzima nimeandika humu kwamba walinitenga, na kumbe wao walikuwa mstarini, mikono mbele, wananingoja. Nyapara wa Bunda labda naye alikwenda kula chini ya mizani kwa miguu yake mwenyewe.

Nilipotoka, Ghati alinisindikiza hadi mlangoni tu. "Uende salama, bosi."

Alhamisi, 4 Aprili

Asubuhi nimekagua mikono. Hasna alinyoosha ya kwake. Kidole gumba cha kushoto, pembeni ya ukucha, kimefunga vizuri. Nikamwambia, "Nenda maboksi siku mbili." Akalia palepale mbele ya watu. Mchana nyuma ya stoo alisema atakwenda kwa Meneja ajitaje. Nikamwuliza nani atambeba Ghati akiondoka yeye. Akainuka akarudi kwenye maboksi.

Nilipofika kwa Ghati kwenye mstari nilishika kifundo chake, nikakibonyeza. Kimevimba kweli. "Tangu lini?" nikamwuliza. Akasema, "Tangu Januari." Hakuongeza bosi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepeleka fomu. Pale pa pendekezo niliandika hivi: kwamba kuanzia tarehe 21 Machi hadi 2 Aprili Msimamizi hakukagua mikono ya meza ya tatu, kwamba sahihi zote za siku hizo ni za uongo, kwamba angekagua, mwenye kidonda angeonekana na kuondolewa mezani, kwamba kosa ni la Msimamizi.

Bwana Apolinary aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Unajua umeandika nini hapa?"

"Najua."

"Na aliyekata kreti ni namba kumi na nne, au siyo?"

"Sikukagua mikono, Meneja. Siwezi kujua." Huo ndio uongo pekee niliousema, na nitauungama.

Akaiweka fomu mezani. Pembeni ya kompyuta yake kulikuwa na hotipoti. Ya bluu, ndogo, ndugu moja na ya kwangu. Sikuwahi kujiuliza Meneja anakula na nani. Akaona ninapotazama, akaisogeza nyuma ya makaratasi.

"Ghati atapewa karipio, abaki," akasema. "Wewe rudisha kofia. Utarudi mezani, na ukishuka kima kama mtu mwingine yeyote, sitakutetea."

Nilipokuwa mlangoni akaita, "Dafroza." Nikageuka. Nadhani alikuwa na jambo la kusema, ila akasema funga mlango, mvua inaingia.

Jumatatu, 8 Aprili

Msimamizi mpya ni Debora, katoka Bunda, ana stashahada. Alitupanga mstari, nikanyoosha mikono yangu wa kwanza.

Nimepewa namba tisa na nafasi ya mwisho wa meza, kwenye mkondo wa barafu. Mwezi mmoja tu wa kalamu na mkono umesahau. Kreti kumi na saba. Nilidhani nitakapovua kofia mambo yatarudi. Walinisalimu vizuri. Saa ya chakula nilikwenda nyuma ya stoo kwa mazoea, nikaogopa kurudi.

Jumanne, 9 Aprili

Kumi na nane. Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Kiwanda kimefungwa. Hasna alituma pilau kwa bodaboda hadi Kitaji. Dereva anauliza, "Ni kwa nani hapa, kaniambia dada Dafroza?" Nikasema ndiye mimi. Nilikula nusu, nusu nikaiweka, kisha nikaimaliza.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo ilikuwa siku ya tatu. Nikishuka leo, kesho sina meza. Niliamka saa kumi alfajiri nikasali, nikakata bila kuinua kichwa, na mkono ulikuwa ule ule mzito. Mtu aliyeshika kalamu mwezi mzima anajua kuhesabu kreti zake. Nilikata kumi na nane.

Saa kumi jioni Debora alisoma ubao. Namba tisa: ishirini na sita.

Nilidhani kasoma vibaya. Nikadhani ni Hasna. Kabla kreti hazijaingizwa ndani nilikwenda hadi mlango wa friza, nikafunua zile nane nisizozijua. Hazikuwa na mkia wa penseli. Minofu ilikuwa na kingazi tumboni, moja baada ya nyingine, pale mkono unaposimama na kuanza upya.

Kreti nane, kwa kifundo kile. Basi Hasna kambeba Ghati, na Ghati kanibeba mimi. Nilisimama pale na baridi ya friza usoni mpaka mpakiaji akaniambia, "Mama, nipishe."

Kwenye sinki Ghati alikuwa ananawa visu. Nikasimama pembeni yake, nikasema, "Shikamoo." Saa kumi jioni, tumeshasalimiana asubuhi.

"Marahaba," akasema, na hakuongeza kitu. Akachukua kisu changu mkononi mwangu, akakipima kwa kidole. "Hiyo kisu yako haikati. Mwezi mzima hujainoa."

Akatoa kinoo mfukoni, akakiweka ukingoni mwa sinki katikati yetu. Tukanoa, yeye kwa mkono wa kulia unaouma, mimi kwa wa kwangu uliosahau. Wanawake wengine walipita, wakatusukuma kidogo kupata maji, mmoja akasema kesho ni zamu yangu ya mchicha.

Mvua inaendelea. Kesho hotipoti inabaki nyumbani.